Mita Hatukuwa Nazo, Tulikuwa na Saa

Tepu ya fundi wa nguo ina inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili. Nimeivaa shingoni zaidi ya miaka ishirini, nikipima vifua na mikono ya watu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeitumia kupima watu wasikaribiane. Machi 2020, korona ilipoingia na tukaambiwa tukae mita moja na nusu, mtu na mwenziwe, niliivua nikailaza sakafuni dukani kwangu Mwembe Tayari, Mombasa. Mwanzo niliuweka kwenye mguu wa cherehani, mwisho wake ukapanda ukuta wa pili. Hesabu ikawa nyepesi: mimi ndani, mteja barabarani.

Jioni nikarudi nayo nyumbani Likoni, ng'ambo ya kivuko, nikapima upana wa ukumbi. Haukufika tepu moja.

Nieleze nyumba yenyewe, kwa sababu bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi upande ule. Mbele pana baraza. Ukiingia mlango mkubwa unakuta ukumbi mrefu ulionyooka hadi uani, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, na huko uani ndiko kwenye choo kimoja, bafu moja na banda la kupikia. Vyumba sita, watu 19. Mimi nina viwili: cha mbele, chenye dirisha linalotazama barazani, analala baba yangu, cha pili nalala mimi na wanangu wawili. Mama Pacha yuko na mumewe na watoto wanne. Mama muuza mandazi ana binti zake watatu. Kuna bwana mmoja Mkamba na mkewe, yeye alikuwa mpishi wa hoteli. Na kuna vijana watatu wa vibarua vya bandarini, chumba cha mwisho, ambao mpaka leo siwezi kusema kwa yakini nani ndugu wa nani.

Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Ijumaa ya tarehe 13 Machi. Jumapili shule zikafungwa. Misikiti nayo ikafuata, na baba, mzee wa miaka 71 ambaye sala ya jamaa ya alfajiri msikitini hakuikosa ila kwa homa, akawa anakaa kitandani anasikiliza adhana hana pa kwenda. Waziri wa Afya wakati ule, Mutahi Kagwe, alikuwa na msemo wake kwamba tukiendelea kuishi kikawaida, ugonjwa huu utatutendea isivyo kawaida. Sawa. Lakini kila tangazo lilimalizika kwa kutuambia tukae nyumbani, na baba alikuwa akilijibu redio: "Wanasema kama kwamba nyumbani hakuna watu."

Kisha ikaja kafyu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo tepu yangu haikuweza kunionyesha.

Kabla ya kafyu, nyumba yetu ilitoka kwa mafungu bila mtu kupanga. Mama wa mandazi aliamsha jiko saa tisa usiku. Vijana wa bandarini walitoka saa kumi, wawahi feri ikiwa bado ina nafasi ya kukunja mkono. Mpishi alikuwa na zamu zake. Mimi nilitoka saa mbili asubuhi, watoto wameshakwenda shule. Kurudi ni hivyo hivyo, mmoja alasiri, mwingine saa tatu usiku. Bafu moja lilitutosha watu 19 kwa sababu hatukulihitaji wakati mmoja. Sasa tukaambiwa kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri asionekane mtu nje. Kwa hivyo sote tukawa na saa ile ile ya kutoka na saa ile ile ya kurudi, na si sisi tu, Mombasa nzima. Feri ya Likoni huvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku. Wachukue hao, uwaambie wote wawe makwao kabla ya magharibi kuisha, kisha uwaambie wasigusane.

Siku ya kwanza ya kafyu ilikuwa Ijumaa, tarehe 27. Mimi nilifunga duka mapema, saa nane. Mkubwa wa wale vijana wa bandarini aliingia usiku, kiatu kimoja mguuni, cha pili hakipo, macho mekundu kama aliyekatakata vitunguu. Alikuwa kwenye msongamano wa kivukoni wakati mabomu ya machozi yaliporushwa na watu wakapigwa rungu; picha zile dunia iliziona. Alituambia walikuwa wamepangwa vizuri, mmoja mmoja, na nafasi katikati, mpaka saa kumi na moja jioni. Kisha mstari ukarefuka mpaka ukatoka nje, saa zinakwenda, feri haziongezeki, na watu wakaanza kuiangalia saa badala ya kuangalia nafasi. Nasi tulivyomsikiliza! Watu 18 tumemzunguka ukumbini, huyu anamwagia maji usoni, yule anampepea kwa leso, mlango mkubwa umefungwa kwa hofu ya askari. Kama alikuwa na korona usiku ule, tulimpokea wote kwa pamoja.

Sisemi kafyu haikuwa na faida. Nasema ilituchukulia saa, na saa zikipungua, mita nazo hupungua. Watu wa majumba ya Nyali wana mita. Sisi mita hatukuwa nazo na hatungezipata. Tulichokuwa nacho ni saa, na hata hizo ilibidi tuzigawe wenyewe.

Basi tukafanya mkutano uani, Jumapili, mvua imeacha kidogo. Nikaandika zamu kwenye karatasi ya daftari la mwanangu: bafu, jiko, choo cha asubuhi, na nani apite ukumbini kwenda wapi. Nikaibandika kwa uji wa unga karibu na bomba. Kila chumba dakika kumi. Tulivunja kanuni siku ya pili. Mama Pacha ana watoto wanne, dakika kumi zinatosha kuwavua nguo tu. Mmoja wa vijana alikuwa hana simu wala saa. Na mpishi, Mungu amsamehe, alikuwa akiimba bafuni na wimbo haujui dakika.

Aliyetuokoa ni baba, na hakukusudia. Alisema tu, kwa uchungu wake wa msikiti: "Siku hizi adhana imebaki saa ya ukutani." Maana misikiti ilikuwa imefungwa lakini muadhini anaadhini bado. Mama wa mandazi akadakia: mbona tusiifanye saa kweli? Tukafuta dakika, tukaandika adhana. Vijana waoge kabla ya alfajiri, chumba cha mpishi baada yake. Watoto wa Mama Pacha adhuhuri, jua likiwa kali, wakauke huko huko uani. Mimi alasiri. Jiko vivyo hivyo. Kila mtu anaisikia, hata ukiwa na usingizi, hata ukiwa huna simu, na hakuna wa kusema saa yangu imechelewa. Haikupita wiki, yule bwana Mkamba, ambaye Jumapili zake ni za kanisani, akawa anajua wakati wa alasiri umekaribia kabla yangu.

Mambo ya kunawa sitayarefusha. Maji tunanunua kwa mtungi toka kwa wa mkokoteni, kwa hivyo kila anayenawa anasikia sauti ya shilingi. Tuliweka dumu lenye koki kwenye mlango mkubwa na sabuni ndani ya soksi, imetundikwa, isianguke wala isiibwe. Iliibwa mara mbili.

Kazi kubwa ilikuwa sinia.

Kwetu tunakula sinia moja. Wali unamwagwa, mchuzi unatiwa juu, kila mtu anakula mbele yake, na mkubwa ndiye anayewasukumia watoto minofu. Baba ana sukari, na tulishaambiwa ugonjwa huu huwaonea wazee na wenye sukari. Kwa hivyo nikamtolea sahani yake, kijiko chake, kikombe chake cha plastiki cha rangi ya machungwa nilichokinunua makusudi. Nikamtengea kando kwenye mkeka mdogo. Hakusema neno. Alikitazama kile kikombe, akanawa, akatoka barazani bila kula. Siku ya pili vile vile. Ya tatu nikamfuata.

"Baba, ni kwa ajili yako."

"Mwanangu, kwani mimi nimekuwa mkoma?"

Nikakaa kwenye kizingiti. Hapo ndipo aliponihadithia habari za ami yangu, kaka yake mkubwa, aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilijua alikufa kwa kifua kikuu. Sikujua habari ya kikombe. Alipoanza kukohoa damu, nyumba yao ilimkatia kikombe chake, cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kikatundikwa msumarini nje ya mlango. Mtoto akikigusa anachapwa. Wageni wakija wanakiona kabla hawajabisha hodi, na wengine walikuwa wakikiona wanarudi. Lakini usiku huyo ami alilala wapi? Alilala chumba kimoja na wadogo zake wanne, dirisha limezibwa kwa gunia asipigwe na baridi. Baba ni mmoja wa wale wanne.

"Kikombe kilikaa nje penye upepo," akaniambia, "na sisi tukakaa ndani na kikohozi."

Nimesikia mihadhara mingi ya afya, redioni na kwenye mikutano ya chifu, na hakuna aliyenifahamisha jambo kama mzee huyu ambaye kazi yake ilikuwa ubaharia wa jahazi. Kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe wala sahani. Hupita hewani, mtu akikohoa au akisema ndani ya chumba kisicho na njia ya upepo, na mgonjwa akishika dawa vizuri, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena. Kwa hivyo ami alitengwa pale ambapo hapakuwa na hatari, na pale penye hatari hakutengwa. Aibu tu ndiyo iliyofika. Na mimi, mjanja wa tepu, nilikuwa nafanya yale yale: sahani ya baba mbali, kikombe cha rangi ya machungwa, halafu saa moja jioni tunaingia ukumbini sote 19, mlango umekomewa, tunasikiliza taarifa ya habari itutajie wagonjwa wa leo wangapi.

Kile kikombe nilimpa binti yangu afanyie kata ya kuchotea maji. Kuanzia siku hiyo tukala sahani moja moja sote, wakubwa kwa wadogo, na sinia likatundikwa ukutani. Baba akala. Hakutaka kula peke yake, ndilo lote. Na chakula cha jioni tukakitoa ukumbini. Barazani usiku hapakaliki kwa ajili ya doria, tukahamia uani, chini ya mbingu, kila chumba na mkeka wake na pembe yake. Mvua ikija tunakimbia; masika ya mwaka ule tulikimbia sana. Ramadhani ilitukuta huko huko. Sahani za kaimati na viazi vya nazi zilipelekwa mkeka kwa mkeka, aliyepeleka anaiweka chini, anarudi nyuma, ndipo mwenzake anaichukua. Watoto waliugeuza mchezo.

Salamu nazo zilitushinda mwanzo. Mtoto wa kwetu amefunzwa kumbusu mkubwa mkono, na ukimwambia asifanye anabaki ameduwaa kama uliyemwambia asipumue. Baba akatafuta njia. Alikuwa na bakora yake ya mtobwe. Mjukuu akija na shikamoo, yeye anainyoosha, mtoto anagusa ncha, baba anaitikia "marahaba" na kuirudisha. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 11. Aliniuliza kama ile fimbo nayo inapata thawabu.

Niseme kidogo habari za barazani, mchana, maana huko nako kulikuwa na mambo. Wazee wenzake baba walizoea kubanana kwenye baraza moja, muuza kahawa anapita na vikombe vyake vidogo, anavisuuza vyote kwenye ndoo moja ambayo maji yake tangu zamani nilikuwa siyatazami mara mbili. Sasa kila mzee akaja na kikombe chake mfukoni, na wakagawana baraza mbili, yetu na ya ng'ambo ya njia. Kukaa mbali kukaleta balaa jipya, maana umbea unahitaji mnong'ono. Mtu yuko upande wa pili wa njia, masikio yameshazeeka, lazima upaze sauti. Ndivyo mtaa mzima ulivyopata kujua nani anadaiwa kodi ya miezi mitatu na nani anataka kuoa tena.

Dukani mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Ufundi wa nguo ni kazi ya kushika watu. Utampimaje mtu bega kutoka barabarani? Nilichora mstari kwa chaki ya kukatia, wateja wakauvuka kwa upole, wakiniomba radhi huku wanauvuka. Nikaacha kupigana nao. Nikaanza kuwaambia kila mmoja aje na gauni linalomkaa vizuri, anirushie mezani, nami nipime gauni badala ya mwenyewe. Kwa kweli nilikosea vipimo viwili tu mwaka mzima, na kimoja mteja alinenepa. Cherehani nikalisogeza mlangoni, mgongo wangu ndani, uso wangu nje penye hewa. Na nikawapa watu saa: wewe njoo saa nne, wewe saa tano. Mafundi tunajulikana kwa "njoo kesho". Mimi kwa mara ya kwanza maishani nikawa fundi mwenye miadi. Wengine hawakuamini, wakaja mapema kunishika uongo.

Nilishona barakoa nyingi pia. Neno lenyewe kwetu Waswahili si geni, lilikuwa la ule utaji wa uso waliovaa mabibi wa zamani. Faini ya kutovaa ilikuwa shilingi 20,000, kwa hivyo biashara haikulala. Lakini niliziona zinavyovaliwa: kidevuni, mkononi kama bangili, na ndani ya matatu abiria anaishusha ili aongee na simu. Matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba wanane. Siku za mwanzo ilikuwa raha, mtu unanyoosha miguu, ubao wa sambaza, ule wa kuongezea abiria kati ya viti, umetupwa. Kisha nauli zikapanda, na jioni kafyu ikikaribia, kondakta na abiria wanapatana kwa macho tu: ingia.

Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Nilikuwa na magauni manne ya Idi ya wateja wa kule ndani, yamemalizika, yamepigwa pasi. Yakakaa kwenye waya mpaka Idi ikapita. Mmoja wao alinipigia simu asubuhi ya sikukuu akaniomba nilitazame gauni lake nimwambie lilivyo. Nikamsifia, tukacheka.

Julai misikiti ikafunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, saa moja tu, kila mtu na mswala wake, na wa chini ya miaka 13 na wa juu ya 58 wabaki nyumbani. Baba alikuwa ameshapigisha kanzu pasi. Nilimsomea mwenyewe, sikutaka alisikie kwa mwengine. Akaniuliza mara mbili, hamsini na nane? Kisha akamwita mjukuu wake, yule wa miaka 11, ambaye naye sheria ilimkataa kwa udogo. Wakatandika miswala barazani. Kwa kawaida wakiwa wawili, maamuma husimama ubavuni mwa imamu, bega kwa bega. Wao walilaza bakora katikati, wakasimama huku na huku. Walisali hivyo miezi. Mvulana yule alihifadhi sura nyingi mwaka ule kuliko miaka yote ya madrasa, ingawa sasa hivi zimeshaanza kumtoroka.

Na baada ya yote hayo, mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa nyumbani.

Ilikuwa Novemba, wakati Mombasa wagonjwa wameongezeka tena na sisi tumechoka. Khala yangu alifiwa na mumewe, huko Mji wa Kale. Mtu wa sokoni ukimwambia "simama huko" anasimama. Khala yangu aliyeninyonyesha na binti yake utamwambiaje? Nilipanda ngazi nimejiandaa kutoa pole kwa mkono kifuani. Akainuka, akanijia na kilio, akanikumbatia, nami nikamkumbatia. Lakini siamini kwamba ni lile kumbatio. Naamini ni zile saa tatu baadaye. Wanawake tulijaa chumbani juu, mvua ya vuli inapiga, madirisha yamefungwa yote maji yasiingie, tunasoma kwa sauti, kisha biriani ikaja na barakoa zikashuka kidevuni hazikupanda tena. Nilihisi joto la pumzi za watu kwenye vioo. Nilitazama dirisha. Niliona haya kuinuka kulifungua, mvua ingelowesha mazulia ya wafiwa.

Siku ya tano niliamka saa kumi alfajiri, nikasikia mafuta yakichemka uani, mandazi yanageuzwa, na sikusikia harufu yoyote. Nikavuta pumzi tena. Hakuna. Nikakaa kitandani gizani, wanangu wamelala pembeni yangu, nikajua.

Nilipimwa, jibu likaja kwa simu, nikaambiwa nijitenge nyumbani. Baba mwenyewe ndiye aliyeamua vyumba. Alinitoa kile cha nyuma akanipa chake cha mbele, kwa sababu ya dirisha. Yeye akahamia nyuma na wajukuu, mlango wao wa ukumbini wazi usiku na mchana. Zamu yangu ya bafu ikawa ya mwisho, baada ya isha, kisha bafu linaachwa wazi mpaka asubuhi. Chakula kiliwekwa kwenye kigoda mlangoni. Siku ya kwanza Mama Pacha, kwa wema wake, aliniletea chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono, cha kutupa. Nikamsikia baba kutoka barazani: "Mpe kikombe cha kila siku. Kikirudi kioshwe kwa sabuni na maji moto, kiwekwe na vyenziwe."

Asubuhi akaja na kiti chake nje ya dirisha langu. Upepo wa kaskazi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Alilowesha kidole kwa mate, akakiinua, akakaa kimya kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akakisogeza kiti hatua tatu kuelekea upepo unakotoka.

"Mimi nakaa joshini," akasema. "Wewe kohoa, kikohozi kiende demani." Kwa mabaharia joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni unakokwenda.

Kila siku alikuja. Upepo ukigeuka anainua kiti anahama, mara huku mara huku, wapita njia wanamwona mzee anazunguka na kiti mbele ya nyumba yake wanadhani akili zimempungua. Alinihadithia safari za Lamu za kubeba boriti, safari nyingine nilizisikia mara tatu. Siku mbili nilizozidiwa pumzi alinyamaza tu, akakaa. Nilikaa mle ndani siku 14. Binti yangu alikohoa siku mbili tatu akapona. Baba hakuguswa. Siwezi kusema ni kiti, au ni dirisha, au ni Mungu. Yeye anasema vyote hivyo ni kitu kimoja.

Januari 2021 daraja la kuelea la waenda kwa miguu likafunguliwa Liwatoni, na mimi nikawa nalivuka asubuhi badala ya kupanda feri. Ulikuwa ukitembea juu ya maji, upepo unakupiga ubavuni, na mtu wa mbele yako yuko mbali. Nilipita pale siku ya kwanza nikafikiria wale waliopangwa mstari kivukoni Machi ile, wanatazama saa.

Masharti ya misikiti yaliondolewa kabisa Machi 2022. Baba akarudi safu ya kwanza, na alipokuja nyumbani nilimuuliza palikuwaje. Akasema jirani yake wa kulia amemkanyaga kidole.

Ile karatasi ya zamu ililowa ikadondoka zamani, na mwenye nyumba amepaka ukuta rangi. Vijana wa bandarini wamehama, chumba chao kimepata mpangaji mpya, bwana wa bodaboda na mkewe. Juzi yule mke alinikuta bombani akaniuliza wao waoge saa ngapi.

"Kabla ya adhana ya alfajiri," nikamwambia. "Hicho chumba chenu ndiyo zamu yake."

Akaitikia, akabeba ndoo yake, akaenda zake.